Jinsi ya kupanda daladala Dar na bado ukafika na raha zako

Kulalamika kuhusu daladala kila mtu wa Dar anajua, iyo haihitaji mwongozo. Joto, kubanana, konda mwenye mdomo, suka, yaani dereva, anayechepukia kwenye vumbi pembeni ya lami ili awahi mbele ya foleni, spika iliyopasuka inayokoroma karibu na sikio lako. Vyote vipo na havijaanza leo, magari ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria mjini mwaka 1983 na naamini malalamiko yalianza wiki iyo iyo. Ila kuna watu wanapanda gari izo izo kwenye ruti izo izo, wanashuka wamecheka, wengine wamelala usingizi wa maana kabisa, na siyo bahati, wanaujua mchezo unavyochezwa.

Mchezo wenyewe ni hesabu. Gari nyingi siyo za dereva wala konda, ni za bosi ambaye yuko zake kwenye mishe nyingine, yeye anachotaka jioni aletewe hesabu, yaani kile kiasi walichokubaliana kwa siku. Mafuta wanaweka wao, mpiga debe pale kituoni lazima apewe chake, trafiki akiandika faini mara nyingi inawaangukia wao, na kama suka kachoka mchana akampa deiwaka, dereva wa kushikiza, apige tripu mbili tatu na yeye hatoki mikono mitupu. Kinachobaki ndo wanagawana. Ukishalielewa ilo utaona kila kinachokukera kina sababu yake: kwa nini gari inakaa kituoni inasogea mbele kidogo inarudi nyuma kidogo ili uamini inaondoka, kwa nini "bado mmoja tu twende" inaishia kuwa wanane, kwa nini ikishatoka apo inapaa kuwahi kituo cha mbele kabla mwenzake wa ruti iyo iyo hajachota abiria. Siyo kwamba nawatetea, kuna makonda wana roho mbaya ya asili, lakini hasira inapungua sana ukijua mtu anakimbizana na nini, na zaidi ya apo unaanza kujua gari ipi upande na ipi uiache.

Kwa mfano kama una haraka usiingie gari tupu hata wapiga debe wakikuvuta begi, iyo haiendi popote mpaka ijae, tafuta ile ambayo watu wameshaanza kusimama. Kama huna haraka na unataka siti, basi ile tupu ndo yako, ingia, chagua dirisha, kaa zako uangalie dunia, iyo robo saa ya kusubiri ni mapumziko ya bure. Na kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana abiria wanakuwa wachache, konda anakuita "bosi wangu", "dada angu", anakushikia mzigo, anakusubiri uvuke barabara. Konda uyo uyo saa kumi na mbili jioni hakujui. Kama kazi yako inakuruhusu kuhama saa moja tu kwenda mbele au kurudi nyuma, ilo peke yake litakupa raha kuliko mbinu zote nitakazosema apa chini.

Wengi wetu kazi haituruhusu, kwa iyo tuongee kuhusu kugeuza nalo, yaani kupanda gari likiwa linakwenda mwisho wa ruti, ukabaki umekaa na ukarudi nalo. Mgeni wa jiji hawezi kulielewa ili jambo mpaka alione. Jioni pale Kariakoo au Posta watu wamejaa kituoni, gari ikifika tu ni vita, wengine wanapitia dirishani, begi linarushwa kwenye siti kwanza mwenye begi anafuata. Sa wewe badala ya kusubiri mwisho wa ruti tembea urudi nyuma vituo viwili vitatu, panda gari wakati bado inashusha, kaa, mwambie konda nageuza nalo. Utalipa nauli mara mbili, ndiyo, lakini gari ikifika kituoni na vita vikianza wewe umeshakaa dirishani unawaangalia. Kwa anayekaa Tegeta au Mbagala au Gongo la Mboto iyo nauli ya ziada inanunua saa nzima na zaidi ya kukaa, mimi naona ni pesa iliyotumika vizuri. Kama hutaki kulipa mara mbili, iyo tembea tembea inasaidia bado asubuhi, kituo kinachoanzia gari ndo kuna siti, kituo cha tatu mbele kuna mlango wa kuning'inia.

Afu kuna suala la jua, na ili watu wanalidharau sana. Gari zetu mlango uko kushoto na dereva yuko kulia. Barabara ya Bagamoyo asubuhi ukitoka Tegeta au Mwenge kwenda mjini unaelekea kusini kusini ivi, jua linachomoza kushoto kwako, upande wa mlango. Jioni ukirudi unaelekea kaskazini, jua linazama magharibi, ambako ni kushoto kwako tena. Kwa iyo wa Bagamoyo Road kaa upande wa dereva asubuhi na jioni, hakuna mjadala. Wa Mbagala ni kinyume kabisa, Kilwa Road asubuhi unapanda kaskazini na jua liko kulia, jioni unashuka kusini na jua liko kulia tena, kwa iyo kaa upande wa mlango. Wa Kimara na Mbezi nyie jua linawapiga usoni kwenda na kurudi, upande wowote sawa, ila msikae siti ya mbele. Jaribu kesho uone ivi vitu, tofauti yake ni kufika ofisini na shati kavu au kufika limeloa mgongo mzima.

Na siti ya mbele hata bila jua ina mambo yake. Watu wanaipenda maana hakuna anayekuegemea, lakini kwenye Hiace injini iko chini ya izo siti za mbele, foleni ikikaza pale mataa ya Tazara utaiva taratibu kuanzia makalio. Kwenye Coaster kuna lile eneo la karibu na dereva pembeni ya injini, wanalitandikia kigodoro wanakwambia "mama kaa apo pazuri", pazuri kwa nani sijui. Siti zilizo juu ya tairi za nyuma magoti yanakuja kidevuni, na siti ya mwisho kabisa kila tuta unalipokea mara mbili. Bora ni katikati, dirishani, dirisha ambalo kweli linafunguka, ulijaribu kabla hujakaa, maana mengine yameganda na mengine yanafunguka tu hayafungi na masika ikija utajuta.

Nauli. Hapa ndo ugomvi mwingi unapozaliwa na hauna ulazima. Nauli zinapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwa umbali, mara ya mwisho nakumbuka kelele kubwa ilikuwa mwisho wa mwaka 2023 ilipopanda kutoka shilingi 500 kwenda 600 kwa ruti fupi za hadi kilomita 10 na ya mwanafunzi ikiwa 200. Ndani ya gari uliza jirani kabla konda hajafika, iyo inatosha. Toa pesa ya karibu na nauli. Ukimpa konda noti ya elfu kumi saa moja asubuhi unamtafutia balaa na wewe unajitafutia, atakwambia "chenji baadaye" na iyo baadaye ni pale unaposhuka gari imeshaanza kuondoka. Mimi jioni nikipita dukani kwa Mangi kununua vocha au maji nakusanya mia mbili mbili na mia tano, naziweka mfuko wa mbele peke yake, simu haikai na pesa na pesa haikai na simu.

Mwangalie konda anavyokusanya pesa utapenda. Noti anazikunja kwa urefu anazibana katikati ya vidole, elfu kidole chake, elfu mbili kidole chake, elfu tano kule mwisho, na sarafu ziko kwenye kiganja anazichezesha chwa chwa chwa kwenye sikio lako. Haongei. Iyo chwa chwa ndo "naomba nauli". Aliyekaa nyuma kabisa anapitisha elfu yake mkono kwa mkono, watu wanne wasiojuana, na chenji inarudi njia iyo iyo mpaka inamfikia, katika mji ambao ukiacha ndala nje ya mlango usiku unazitafuta asubuhi. Sijawahi kuchoka kuliangalia ilo.

Lugha nyingine ni rahisi. "Shusha" ukitaka kushuka, na useme kabla ya kituo siyo juu ya kituo, kwa sauti ya kutoka tumboni maana redio iko juu. Konda akiuliza "Bamaga kuna mtu?" na wote mkanyamaza ni "hakuna, twende", ukikumbuka baadaye ni juu yako. Akigonga bodi mara moja gari inasimama, akigonga mara mbili inaondoka, ingawa kila gari ina utaratibu wake kidogo. Akisema "sogea nyuma, nyuma kweupe" ujue nyuma siyo kweupe. Na wewe mjibu kwa utani, siyo kwa matusi, maana konda ukimtukana atakujibu na ana mazoezi ya kutosha toka alfajiri, huwezi kumshinda. Mama mmoja akimwambia tu "mwanangu na mimi nina magoti" gari zima linacheka na yeye anapata pa kuweka miguu.

Kukatisha ruti ndo dhambi kubwa zaidi kwangu. Gari imeandikwa ubavuni mpaka inakofika, ina mstari wake wa rangi ya ruti, umepanda, umelipa, mkifika nusu ya njia suka anaona foleni mbele au kule mwisho hakuna abiria wa kurudi nao, anakwambia mwisho apa. Sheria iko upande wako, gari inatakiwa ifike inakoandikwa. Cha kufanya: kabla hujakanyaga ngazi uliza "unafika mwisho?", uliza kwa sauti ili na wengine wasikie, maana akijibu ndiyo mbele ya watu ishirini baadaye anao mashahidi ishirini. Usikimbilie kutoa nauli kituo cha kwanza. Na akikatisha, msishuke kimya kimya mmoja mmoja, dai awafaulishe, yaani awatafutie gari nyingine na amlipe konda wa kule yeye mwenyewe. Wakishuka wote pamoja wakasimama pale mlangoni anafaulisha, akishuka mmoja mmoja anaondoka. Kama anazingua kabisa piga picha namba ya gari upeleke LATRA, mara nyingi ukishatoa tu simu mambo yanalainika.

Sasa raha zenyewe. Kuna mtu anavaa hedifoni toka anapanda mpaka anashuka, ni haki yake, lakini siku ya pili baada ya Simba na Yanga kucheza naomba uzitoe. Hakuna studio ya redio yenye wachambuzi kama siti za nyuma za gari ya Mbagala asubuhi iyo, kuna mzee atakueleza beki wa kushoto alikosea wapi kuanzia mazoezini, kuna kijana ambaye timu yake imefungwa anajifanya amelala. Siku zingine ni bei ya mafuta ya kula, ni mwenye nyumba aliyepandisha kodi, ni nani kamuacha nani, mtu anaongea na simu kwa sauti ya mkutano wa hadhara na gari zima limenyamaza linafuatilia na akishuka kabla stori haijaisha watu wanasikitika kweli. Soma pia maandishi ya nyuma ya gari mnapokuwa kwenye foleni, wivu haujengi, Mungu hakopeshwi, mara jina la mtoto wa bosi, kila gari na ujumbe wake.

Na duka linakufuata dirishani. Kwenye mataa na kwenye vituo vikubwa utapata maji ya baridi, karanga, ubuyu, korosho, chaja, vitambaa vya kufutia jasho, mara nimeona mtu anauza kioo cha ukutani. Kanuni ni moja, pokea kitu kwanza ndo utoe pesa, na toa iliyo kamili, maana taa ikiwaka kijani muuzaji anaweza kukimbia na gari kukurudishia chenji, wengi wanakimbia kweli na inatia huruma, ila siyo wote.

Majina ya vituo nayo ni burudani tosha. Unaweza kuanzia Morocco, ukapitia Argentina kule Manzese, ukamalizia Mombasa ya Ukonga, na hujatoka Dar wala hujaonyesha pasi ya kusafiria. Kuna Tangi Bovu, kuna Bendera Tatu, kuna Rangi Tatu, kuna Kwa Msuguri. Kama una mtoto mdogo mfundishe kusoma kwa vituo.

Adabu za mle ndani siyo nyingi. Ukiwa umekaa na mwenzako amesimama na begi, mwambie nikushikie, iyo ni desturi yetu na ni nzuri. Mjamzito, mzee, mama mwenye mtoto, nyanyuka usisubiri kuangaliwa. Mtoto mdogo mpakate, ukimwachia siti yake peke yake konda atadai nauli na atakuwa sahihi. Na mwanafunzi akizuiwa mlangoni kwa sababu analipa kidogo, paza sauti, "mwache mtoto apande", ukisema wewe na mwingine akadakia konda anatulia. Wale watoto wanasimama kituoni alfajiri gari tano zinawapita. Apa siwezi kukwambia ufurahie, apa fanya kitu.

Mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao peke yao, ni stori nyingine. Njia ya kwanza ya Kimara ilianza Mei 2016, kama kilomita 21 na matawi yake ya Morocco na Gerezani, na watu walioishi Kimara kabla ya apo watakwambia walikuwa wanatumia saa mbili kufika Posta. Ikienda vizuri haina mpinzani, unayaona magari ya watu yamesimama pale Magomeni na wewe unapita. Ikienda vibaya unasimama kituoni mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi, na basi likija limeshajaa. Kwa iyo mbinu ni ile ile, rudi Kimara mwisho upange mstari uko uko, usijaribu kuotea Kibo au Baruti asubuhi. Ukipata basi refu simama pale kwenye kiungo cha katikati panapojizungusha, pana sehemu ya kuegemea na watoto wanapapenda kupita kiasi. Angalia pia kama basi ni la ekspresi au la kila kituo, limeandikwa mbele, ukipanda ekspresi ukiwa unashukia Usalama utaiona Usalama ikipita. Na mvua kubwa zikinyesha sahau kabisa, Mto Msimbazi ukijaa pale Jangwani barabara inafungwa na huduma inakatika, toka nyumbani ukiwa na mpango mwingine kichwani, kuzungukia Kigogo au kubaki nyumbani.

Wezi wapo. Hawakai siti, wanakaa mlangoni wakati wa kugombania, mmoja anakubana mbele ukigeuka wa nyuma ameshamaliza. Begi kifuani, simu usiitoe unapopanda wala unaposhuka, na ukikaa dirishani kwenye mataa usichati mkono ukiwa nje. Baada ya saa nne usiku gari zinapungua, apo usipande yenye abiria wawili watatu usiowaelewa, bora uunge bajaji ya kuchangia na watu wa mtaani kwenu au upande boda unayemjua, kofia ngumu uivae hata kama inanuka.

Mwisho, kama unataka kujifunza kufurahia usafiri wa mji huu anza na siku ambayo huendi kazini. Jumapili asubuhi gari ni tupu, barabara ni nyeupe, masuka wametulia wanaweka taarabu au kwaya kwa sauti ya kibinadamu. Panda gari ya Posta, shuka, tembea mpaka Feri, pita pale soko la samaki kama pua yako inaruhusu, afu vuka na kivuko kwenda Kigamboni. Ni dakika chache tu lakini kama kina sehemu ya juu panda ngazi uende, simama upande wa baharini, meli za mizigo zinaingia bandarini zinapita karibu mpaka unasoma jina, nyuma yako kuna minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu na maghorofa yote ya mjini, na upepo ule huupati Kariakoo kwa bei yoyote. Ng'ambo kuna gari na bajaji za Mji Mwema na Kibada, na kurudi siyo lazima upite kivukoni, tafuta gari inayopita Daraja la Nyerere utokee Kurasini, ivo unapata na kivuko na daraja kwenye safari moja. Ila uanze kurudi kabla ya saa kumi na moja jioni, maana watu wote wa beach wanaondoka muda mmoja na ukiwakuta pale kituoni utarudi kule kule kwenye kupitia dirishani.